Duke Alipoiacha Bendi Nje

Mwenye bendi ya watu 15 hana usingizi mtamu. Kuna mishahara ya kila wiki, kuna basi na treni, kuna hoteli, kuna mpiga tarumbeta anayetaka aongezwe na mpiga saksafoni aliyeukopa mshahara wake na kuunywa kabla haujafika. Duke Ellington, mzaliwa wa Washington wa mwaka 1899, aliubeba mzigo huo kwa karibu miaka 50 bila kuutua. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliacha kujaa kwenye kumbi za dansi, na wenye bendi kubwa wakazivunja moja baada ya nyingine. Hata Count Basie, mwaka 1950, alibaki na kikundi cha watu wachache. Duke alikataa. Kazi zilipopungua, alichota mirabaha ya nyimbo zake za zamani akawalipa vijana wake, kwa kuwa alitaka kitu alichokiandika leo akisikie kesho. Billy Strayhorn, mwandani wake katika utunzi, alikwisha kusema kwamba Duke hupiga piano, lakini chombo chake hasa ni bendi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaingia studio bila chombo chake. Jumatatu ya tarehe 17 Septemba 1962, jijini New York, aliingia na watu wawili tu: Charles Mingus kwenye besi kubwa ya mbao na Max Roach kwenye dramu. Yeye alikuwa na miaka 63, Mingus 40, Roach 38. Waliyoyapiga siku hiyo yakawa albamu iitwayo Money Jungle, yaani msitu wa pesa.

Niweke jambo moja sawa kabla sijaendelea, maana neno jazz linaweza kumpoteza msomaji wa kwetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz: hizo zilikuwa bendi za dansi, za magitaa na rumba, na jazz lilikuwa jina la kuvaa kama mtu anavyovaa tai. Jazz ya Duke ni ile iliyokuwa ikifika huku usiku kwa masafa mafupi, katika kipindi cha Willis Conover cha Sauti ya Amerika, kilichofunguliwa kila mara kwa bendi ya Duke ikipiga kibao cha Strayhorn, "Take the 'A' Train". Waliokuwa na redio za betri wanaukumbuka mlio ule, na mikwaruzo yake.

Kwa nini mwaka 1962, na kwa nini watu watatu? Wapenda sanaa watakwambia Duke alitaka kupimana na vijana. Huenda. Lakini kuna sababu kavu zaidi. Mkataba wake na kampuni ya Columbia ulikuwa umefika ukingoni, na ule wa Reprise, kampuni ya Frank Sinatra, ulikuwa bado haujaanza. Katikati pakawa na upenyo wa miezi michache ambapo Duke hakuwa mali ya mtu. Aliutumia vilivyo. Tarehe 18 Agosti alirekodi na Coleman Hawkins, baba wa saksafoni ya tenor. Septemba 17 ikawa zamu ya Mingus na Roach. Siku tisa baadaye, Septemba 26, alikuwa ng'ambo ya mto, New Jersey, akirekodi na mpiga saksafoni John Coltrane. Albamu tatu ambazo watu hawajaacha kuzinunua, zote zimepita katika ufa mmoja wa makaratasi.

Mtayarishaji wa hii ya katikati alikuwa Alan Douglas, kijana wa miaka 31 aliyesimamia jazz katika kampuni ya United Artists, yule yule ambaye baadaye jina lake lingefungamana na kanda za Jimi Hendrix. Walifahamiana Paris, Duke alipokuwa akishughulikia muziki wa filamu ya Paris Blues. Duke alipendekeza arekodi piano, mbali na bendi. Douglas akataja jina la Mingus. Mingus naye akakubali kwa sharti kwamba anayekaa kwenye dramu awe Roach na si mwingine.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, maana Mingus na Duke walikuwa na yao.

Mingus alikulia Watts, Los Angeles, na alikuwa mtoto mdogo aliposikia bendi ya Duke kwenye redio ya babake. Hakupona tena. Alimtungia Duke muziki, alimtaja kila mahali, na mwaka 1959 aliweka katika albamu yake kipande kilichopewa jina la barua ya wazi kwa Duke. Mwaka 1953 alipata alichokiota: aliitwa kupiga besi katika bendi yenyewe. Alidumu siku chache tu. Aligombana na Juan Tizol, mpiga tromboni kutoka Puerto Rico, mkongwe wa bendi hiyo. Kwa masimulizi ya Mingus mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kupunguza chumvi, Tizol alimjia na kisu mbele ya hadhira, naye akarudi jukwaani na shoka la zimamoto na kukipasua kiti cha Tizol vipande viwili. Baadaye Duke alimwita. Hakumfokea. Alizungumza naye kwa upole na madaha mengi kiasi kwamba Mingus alipotoka mle ndani alikuwa amekwisha kujiuzulu. Duke alivumilia katika bendi yake walevi, wachelewaji na watu wasiosemezana kwa miaka. Kumwondoa mtu kwa kinywa chake mwenyewe ilikuwa nadra sana.

Kwa hiyo Septemba 1962 mzee alikuwa anakaa chumba kimoja na kijana aliyemfukuza.

Roach alikuwa na historia laini zaidi. Akiwa kinda wa miaka kama 18 aliitwa kuziba pengo la Sonny Greer, mpiga dramu wa Duke, katika ukumbi wa Paramount, New York. Kisha akaja kuwa mmoja wa waliobadilisha upigaji wa dramu pamoja na mpiga saksafoni Charlie Parker. Alipofika 1962 alikuwa mtu wa siasa waziwazi. Albamu yake ya 1960 kuhusu uhuru ilikuwa na kipande cha kuwalilia waliouawa Afrika Kusini. Mei 1961 alipanda jukwaani Carnegie Hall katikati ya onyesho la mpiga tarumbeta Miles Davis, akaketi chini na bango la kudai Afrika kwa Waafrika. Na kuna jingine ambalo msomaji wa Kiswahili anapaswa kulijua: Novemba 1960 Roach alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma wa mpiga piano Randy Weston waliporekodi Uhuru Afrika, santuri ya jazz ya New York yenye jina la Kiswahili. Shairi la Langston Hughes linasomwa humo kwa Kiswahili, na msomaji ni Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika, yule ambaye baadaye Bunge la Tanzania lilimzoea kama mbishi kutoka Makete. Kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake, lugha yetu ilikuwa imekwisha kaa mezani na Max Roach.

Mingus na Roach walikuwa pia washirika wa biashara. Mwaka 1952 walianzisha kampuni yao ya santuri, Debut, kwa sababu walichoka kuona makampuni yakila na wao wakinusa. Debut ndiyo iliyotoa rekodi ya lile onyesho la Massey Hall, Toronto, la Mei 1953, wawili hao wakipiga na Parker, Dizzy Gillespie na Bud Powell. Besi ya Mingus haikusikika vizuri kwenye kanda, basi akaingia studio na kuipiga upya juu ya rekodi. Huyo ndiye Mingus: hata historia aliisahihisha kwa mkono wake.

Studio iliitwa Sound Makers. Hakukuwa na mazoezi. Kwa namna Roach alivyosimulia miaka mingi baadaye, Duke aliwaomba wamchukulie kama Bud Powell wa watu maskini, akimtania yule mpiga piano ambaye wao wawili walikuwa wamezoea kasi yake. Kisha akawagawia karatasi zenye sauti kuu na mpangilio wa kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, basi. Badala ya kuwaeleza midundo, aliwapa picha. Kwa kibao kilichobeba jina la albamu aliwaambia wafikirie mitaani kuna nyoka wanaotambaa wakiwa wameinua vichwa, na nyoka hao ni mawakala na wote wanaowanyonya wasanii. Wapige hiyo, pamoja na muziki.

Naomba msomaji akipata nafasi asikilize jinsi Mingus alivyoipiga. Anaanza peke yake. Anaushika uzi mmoja, anauvuta kwa nguvu hadi unaparuza ubao, anarudia noti ile ile, tena, tena, anaikunja pembeni hadi inalia kama bawaba kavu. Hajengi njia ya mtu kupita, kama besi inavyotakiwa, anaziba njia. Roach anaingia na sahani zake, na Duke, badala ya kutafuta pa kujificha, anateremsha mikono miwili yenye kodi kali zinazogongana. Watu waliomjua Duke wa tai na tabasamu hawakuwa wamezoea ukali huu, ingawa ulikuwepo siku zote. Alijifunza piano katika shule ya kina James P. Johnson, ambako mkono wa kushoto ni ngoma, na Thelonious Monk alijifunza kwake jinsi ya kuacha noti mbili zisizopatana zikae jirani. Kwenye bendi, saksafoni tano zilizifunika hizo noti. Siku hii hakukuwa na wa kuzifunika.

Halafu Mingus akaondoka.

Wanaosimulia hawapatani kuhusu kilichomkera. Inayosemwa zaidi ni kwamba alilalamikia upigaji wa Roach, mtu yule yule aliyemtaka mwenyewe, akaanza kuifunga besi yake katikati ya kazi na kuelekea mlangoni. Duke akamfuata. Mzee wa miaka 63, aliyeacha bendi nzima ili apate siku tulivu ya piano, anamfukuzia nje kijana aliyekwisha kumfukuza kazi miaka tisa nyuma, safari hii ili arudi. Alimsemesha, kwa ule ulimi wake wa asali. Mingus akarudi, akaifungua besi, wakaendelea. Aliyemtoa kwa maneno matamu ndiye aliyemrudisha kwa maneno matamu.

Katika albamu yenye nyoka hao kuna kipande kimoja kisichofanana na vingine, "Fleurette Africaine", ua dogo la Kiafrika. Duke aliwaambia tena hadithi: tuko katikati ya msitu, binadamu hajafika maili nyingi kila upande, na hapo katikati limeota ua dhaifu ambalo hakuna mkono uliowahi kuligusa. Mingus alifumba macho. Anachokipiga hapo ni mtetemo, vidole vinapepea juu ya nyuzi kama bawa la kipepeo lililonaswa, na Roach anazigusa ngoma kwa virungu vya vichwa laini. Duke anatembeza sauti kuu chini chini, bila haraka. Ni watu wale wale waliokuwa wakiparuzana, na kwangu mimi ndicho kipande kizuri kuliko vyote humo.

Lakini msitu huo wa Duke una historia yake, na si nzuri yote. Kati ya 1927 na 1931 bendi yake ilipiga Cotton Club, Harlem, klabu ambayo wanamuziki na wachezaji walikuwa weusi na wateja walikuwa weupe. Mtu mweusi wa mtaani hakuruhusiwa kuketi na kuagiza kinywaji. Wateja walikuja kuona Afrika ya kubuni. Bubber Miley na tarumbeta yake, Tricky Sam Nanton na tromboni yake, walifunika midomo ya vyombo kwa mpira wa kuzibulia sinki ili vitoe sauti ya kunguruma, na hiyo ikatangazwa kama muziki wa msituni. Duke aliichukua dharau hiyo akaigeuza kuwa rangi za kuchorea. Miaka 30 baadaye anarudi kwenye neno lile lile na kuligeuza: porini ni kule kwenye ofisi za wenye pesa, nyoka wamevaa suti, na kitu pekee kilicho safi ni ua la Kiafrika. Ni Afrika ya kubuni bado, isiyo na watu, na hilo linanikera kidogo. Duke mwenyewe alikuwa hajakanyaga bara hili. Angefika Dakar mwaka 1966 kwa tamasha la sanaa za watu weusi, na Addis Ababa na Zambia mwaka 1973, miezi michache kabla ya kufa.

Na hao nyoka hawakuwa wa kufikirika. Angalia tu majina ya nyimbo za zamani alizozipiga siku hiyo. Mojawapo ni "Caravan". Wazo la sauti yake ni la Juan Tizol, ndiyo, yule yule wa kisu. Irving Mills, meneja wa Duke kuanzia 1926 hadi 1939, aliununua kutoka kwa Tizol kwa dola 25, na jina la Mills likaandikwa kando ya majina ya waliotunga. Wimbo ulipozunguka dunia, ndipo Tizol akarudi kudai na kupewa asilimia. Wa kwanza kuurekodi, Desemba 1936, hakuwa Duke na bendi kamili bali kikundi kidogo kilichochomolewa humo, chini ya jina la Barney Bigard. Kwa hiyo tarehe 17 Septemba Mingus alikuwa akipiga, na kuipiga kwa hasira, sauti ya mtu ambaye yeye alimpasulia kiti. Sijui alifikiria nini. Kibao kinasikika kama gari bovu linaloteremka mlima, na dereva anacheka.

Hata hilo la kuingia studio na kikundi kidogo Duke hakulianza siku hiyo. Mwaka 1940, huko Chicago, alikaa na Jimmy Blanton, kijana wa besi, wakarekodi wawili tu, piano na besi. Ndipo wengi walipojua kwamba besi inaweza kuzungumza. Blanton alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1942, na miaka 23 tu. Mwaka 1953 Duke alirekodi piano na besi na dramu kwa kampuni ya Capitol, na aliyeshika besi alikuwa Wendell Marshall, binamu yake Blanton. Zile ni rekodi za heshima, mtu na watu wake. Mingus naye alikuwa mtoto wa Blanton kwa njia ya masikio, lakini mtoto mtundu.

Albamu ilitoka mapema 1963 ikiwa na vipande saba. Vingine vilivyorekodiwa siku hiyo hiyo vilibaki kabatini hadi 1987, kampuni ya Blue Note ilipoitoa upya na kuongeza. Miles Davis aliwekewa "Caravan" mwaka 1964 bila kuambiwa ni nani, katika ule mchezo wa Leonard Feather wa kuwasikilizisha wanamuziki santuri. Aliwatambua, akachukia. Kwa maoni yake Mingus na Roach wanafaa wenyewe kwa wenyewe, ila Duke hawezi kupiga na wao wala wao hawawezi kupiga na Duke. Miles alisikia sawasawa. Hawakubaliani hata kidogo, na yeye aliliona hilo kama kasoro. Mimi naliona kama ndiyo bidhaa yenyewe. Mwaka 2013 mpiga dramu Terri Lyne Carrington aliirudia albamu hiyo kwa namna yake, akashinda Grammy. Inaelekea alisikia nilichosikia.

Mingus alikwenda zake. Hazikupita wiki nne, Oktoba 12, United Artists hiyo hiyo ilimwandalia onyesho la kurekodiwa katika ukumbi wa Town Hall, na safari hii akataka bendi kubwa, watu wapatao 30. Siku chache kabla ya onyesho alimpiga ngumi Jimmy Knepper, mpiga tromboni aliyekuwa akimsaidia kunakili, akamvunja jino. Usiku wenyewe wanakili walikuwa bado wamekaa ukumbini wakiandika karatasi huku wanamuziki wakisubiri za kupiga. Ilikuwa aibu tupu. Duke angeweza kumwambia kitu kuhusu mzigo wa watu 30, kama angeulizwa.

Kipande cha mwisho upande wa pili wa santuri ni "Solitude", upweke. Kwa maelezo ya Duke, alikitunga studio huko Chicago mwaka 1934: bendi iliyowatangulia ilikuwa haijatoka, nyimbo zilihitajika nne naye alikuwa na tatu, basi akaegemea ukuta akaandika ya nne kwa dakika 20. Wimbo huo nao una jina la Mills. Duke alikwisha kuupiga mara zisizo na idadi, kwa bendi nzima, saksafoni zikiutandika kama kitanda cha hotelini.

Safari hii anauanza peke yake. Anaziacha kodi zikae hadi zipoe ndipo anagusa nyingine, kama mtu anayepita nyumba yake usiku bila kuwasha taa. Mingus, aliyeanza albamu kwa kuparuza, ananyamaza. Roach ananyamaza. Wanamwacha mzee aende mbali, mbali zaidi ya adabu ya kawaida ya watu watatu. Kisha fagio za Roach zinaigusa ngozi ya ngoma, na besi inaingia chini yake, taratibu.